Mvua Ambayo Haikunyesha

Kitasa cha mlango wetu wa mbele kina milio miwili. Ukiuvuta mlango kwa pupa kinabweka, kwap, na vikombe vinatetemeka kabatini. Lakini ukikandamiza mkono wake mpaka chini, ukaurudisha mlango mahali pake, kisha ukauachia mkono taratibu kama mtu anayemlaza mtoto mchanga, ulimi wa chuma unaingia tunduni kwa sauti ndogo sana: krrr, tk. Mlio huo wa pili sikuwa nimeusikia tangu mume wangu afariki.

Basi nilipousikia, nje kungali giza, nilikaa kitandani nimeshika kifua. Ukaja tena. Krrr, tk. Nikapapasa ubavuni mwangu. Mtoto hayupo.

Nilimkuta sebuleni amesimama juu ya kigoda, gauni la kulalia limemvuka bega, mikono yote miwili iko kwenye kitasa.

"Kipaza! Unakwenda wapi?"

"Siendi."

"Sasa unafungua mlango wa nini?"

"Sifungui."

Nilimbeba. Nyayo zake zilikuwa baridi kama sakafu. Alijikunja shingoni mwangu akalala hapo hapo, mimi nikabaki macho hadi kukapambazuka. Nilijiambia, mwanangu anamtafuta baba yake, na siku moja atatoka nje peke yake gizani. Komeo la chini analifikia, na ufunguo wa kitasa hicho ulishapotea kabla sijaolewa katika nyumba hii. Kulipokucha nikampigia fundi wa milango. Akasema atakuja Jumamosi kuweka kitasa kipya.

Jumamosi hiyo hiyo redio ilikuwa imepanga kipindi cha kumkumbuka mume wangu.

Kipaza ni jina alilopewa na baba yake. Siku tulipotoka hospitali alilia njia nzima, baba yake akacheka akasema, "Huyu hahitaji kipaza sauti, ni kipaza mwenyewe." Jina la kwenye cheti lipo, ila hata yeye mwenyewe ukimwita kwa hilo hageuki.

Tunaishi na mama mkwe wangu, ambaye namwita Mama tu, au tuseme yeye ndiye anayeishi na sisi, maana nyumba ni yake. Ni profesa wa mawasiliano. Nikisema hivyo watu hudhani anafundisha kutengeneza simu. Kazi yake ya maisha ni magazeti, muziki wa dansi, na namna umma unavyokumbuka mambo. Ana chumba kizima cha kanda za kaseti, kimejaa harufu ya plastiki kuukuu, na ndani ya kanda hizo watu wanaongea, wanaimba, wanakohoa, wengi wao wameshatangulia. Mimi nilimfahamu kwenye masomo ya jioni. Mchana nilikuwa nashona vifungo kwenye duka la nguo, jioni nasoma. Alikuja kutufundisha somo moja tu kuhusu magazeti, akaona vidole vyangu vinavyokimbia kwenye mashine ya taipu, akaniuliza kama nitaweza kusikiliza kanda zake na kuziandika. Nikaenda. Mwanawe akaingia kutafuta betri, akakaa hadi chai ikapoa. Na hakuwa na kitu chochote kinachotumia betri.

Katika kanda hizo ndimo nilimojifunza habari ya mvua.

Zamani, kabla sijazaliwa, treni ya abiria ilipinduka kwenye kona. Magazeti yaliandika kiangazi na vumbi. Picha zinaonyesha watu weupe kwa vumbi mpaka kwenye kope. Baadaye bendi moja ya dansi ikatoa wimbo wa maombolezo, na mtunzi, kwa kutaka mbingu nazo zilie, akatia mvua. Wimbo ukapigwa kila redio na kila ukumbi. Miaka ikapita. Mama alipokwenda kuwahoji walionusurika, wakamwambia mmoja baada ya mwingine kwamba siku ile mvua ilikuwa inanyesha. Mzee mmoja akafungua shati kumwonyesha bega: "Hapa ndipo nililowa, binti yangu, hapa."

"Hawakuwa waongo," Mama hupenda kusema. "Walikuwa wameusikia wimbo."

Kitabu chake kilitoka hapo. Wanafunzi walimtania kwamba amechukua methali moja tu, lisemwalo lipo na kama halipo laja, akaipatia uprofesa. Naye akawa anacheka nao. Lakini kanuni moja hakuifanyia mzaha hata siku moja: mtu aimbe kwanza, mkanda baadaye. Asipigiwe wimbo kabla hajatoa alicho nacho kwa kinywa chake, hata kama anakosea, hata kama anaimba mstari nusu. "Mkanda ni mgeni mwenye nyayo pana," alinifundisha. "Akishaingia, alama za mwenyeji huzioni tena."

Sikujua kwamba kanuni hiyo itakuja kukaa nasi mezani.

Mume wangu alikuwa msomaji wa taarifa ya habari ya alfajiri. Aliamka kabla ya jogoo, akavaa gizani, akatoka na ule mlio mdogo wa kitasa ili tusiamke. Siku nyingine niliusikia nusunusu, nikiwa kati ya usingizi na ndoto, nikageuka upande wa pili. Siku ile ya mwisho sikusikia kitu. Nilikuwa nimechoka kwa masomo ya jioni, Kipaza kifuani, nimelala fofofo. Alifika kazini, akasoma muhtasari, akavuta pumzi aanze habari ya kwanza, na pumzi ile haikurudi. Redio ikanyamaza. Kisha wakaweka muziki. Moyo, walisema madaktari.

Kimya kile kilisikiwa na mji mzima, ndiyo maana kila mtu ana chake. Muuza mikate alinishika mkono akaniambia, "Mimi nilimsikia akikohoa, dada, nikajua." Fundi cherehani alisema hapana, hakukohoa, alisema kwaherini. Kila mmoja ananieleza kwa machozi ya kweli, nami naitikia asante. Nilipokuwa nikimsimulia Mama, yeye alikuwa akivua miwani, anaifuta, anaivaa.

"Wameanza," alisema.

Naye Kipaza hakusema neno. Alikuwa na miaka mitatu baba yake alipoondoka. Hakuuliza, hakumtaja. Mama akaniita chumbani mwake, akafunga mlango, akanizungumzia kama mtu anayeomba, yeye ambaye kwa kawaida husema tu na mambo yakawa.

"Mwanangu, nakusihi. Tusimpigie mtoto kanda za baba yake. Bado. Kama ndani yake kuna kitu chochote cha baba yake, hata kimoja, kidogo, ni chake mwenyewe, hakuna redio iliyompa. Akisikia kanda leo, kesho atakumbuka kanda. Mwache aseme kwanza."

"Na kama hana kitu, Mama?"

"Kama hana, tutampa kanda zote, alale nazo."

Nilikubali, lakini sitaficha, kuna siku iliniuma. Mji mzima unaweza kuwasha redio ukamsikia mume wangu kwenye tangazo la zamani, ila mtoto wake mwenyewe nambeba mbio hadi jikoni namwimbia wimbo wa kuosha vyombo. Niliogopa kwamba tunachunga zizi tupu. Tunalinda kumbukumbu isiyokuwepo, huku mtoto anakua bila sauti ya baba yake. Ndiyo maana kipindi cha Jumamosi kilipotangazwa nilimwambia Mama kwamba siku hiyo nitawasha redio na Kipaza atasikia. Alitikisa kichwa tu, na sikujua ni ndiyo au ni uzee.

Kabla ya Jumamosi alikuja Besi.

Besi ni kiongozi wa bendi, mtu wa tumbo la mbele na sauti ya chini ya kisima, anayemwita Mama "mwalimu wangu" ingawa hajawahi kukanyaga darasa lake. Alimpenda mume wangu, hilo sina shaka. Bendi yake ilikuwa imetunga wimbo wa kufungulia kipindi, naye akataka Mama ausikie kwanza, aubariki. Nikamtuma Kipaza kwa jirani, Mama Pacha, akacheze na wale mapacha. Besi akaketi na gitaa kwenye kiti cha mume wangu, akagundua, akahama, akaketi kwenye kigoda kilicholia chini yake.

Wimbo ulikuwa mzuri. Ndiyo shida yake. Kiitikio kinasema, aliondoka akiimba, alfajiri ikamwitikia. Nilipousikia nikamwona, amevaa shati lake la buluu, anashuka ngazi anaimba. Nililia hadi shali ikalowa.

Mama alisubiri nyuzi zinyamaze.

"Nani alikuambia aliondoka akiimba?"

"Aa, Profesa! Sauti kama ile iondoke imenyamaza? Haiwezekani. Halafu, kwa kusema kweli," akashusha sauti kama anatoboa siri ya serikali, "kimya hakipigiki gitaa."

Mama akacheka. Hata mimi nilicheka. Alimpa baraka zake, akamsindikiza mpaka mlangoni, akaniambia nikae, vikombe ataosha yeye. Nikasikia maji ya bomba yanaendelea, yanaendelea, kama mtu ameyasahau. Nilipoingia jikoni nilimkuta amesimama na kikombe kimoja mikononi, kimeshatakata zamani.

"Siku ile nilikuwa macho," alisema bila kugeuka. "Unajua silali alfajiri. Nilikuwa nasoma. Nilimsikia akitoka. Mwaka mzima nimekuwa nalo hilo, nalitoa usiku nalitazama, nalirudisha. Sasa hivi nimejaribu kulitoa." Akafunga bomba. "Amekuja anaimba."

"Mama, umeusikia mara moja tu."

"Mara moja. Anaimba kiitikio cha Besi, na mimi nipo chumbani nasikia. Hata mlango siusikii tena." Alikigeuza kikombe akatazama chini yake, kana kwamba kuna kitu kimeandikwa hapo. "Miaka yote nimewaandika watu kana kwamba ni ugonjwa usionipata mimi. Yule mzee na bega lake. Najua mvua haikunyesha, mwanangu. Najua! Na bado nimelowa."

Sijawahi kumshika mama mkwe wangu kiunoni. Siku hiyo nilimshika. Ni mwembamba kuliko anavyoonekana akiwa na maneno.

Tangu hapo sikuutaka tena ubishi wangu. Mimi nilikuwa nimelala. Mama ameshanyang'anywa. Kama kuna mtu katika dunia hii aliyebaki na kuondoka kwa mume wangu kama kulivyokuwa, ni mtu mdogo asiyeweza kufunga viatu vyake. Nilimwambia Mama redio haitawashwa. Yeye akasema basi na tujaribu kumsikiliza, mara moja, kwa utaratibu wake.

Tulitandika mkeka. Mama aliweka ile mashine ya kurekodi katikati, akajishusha kwa kishindo cha magoti.

"Mjukuu wangu, nieleze habari za asubuhi."

Kipaza aliitazama mashine kwa heshima kubwa, akaiinamia. "Asubuhi kuna chai."

"Ehee. Halafu?"

"Kuna mkate. Mama anasema harakisha harakisha. Halafu Bibi anatafuta miwani."

"Aha. Na inakuwa wapi?"

"Kichwani."

Mama aling'ata midomo asicheke. "Halafu?"

Kipaza akanyamaza. Mama naye akanyamaza. Katika kanda zake kimya chake ni kirefu, hakiogopi, na mara nyingi ndipo watu husema. Nilimwona mtoto anatazama upande wa mlango. Nikashindwa kuvumilia.

"Na baba?" nikauliza. "Baba alikuwa anafanya nini asubuhi?"

Mama alifumba macho. Mwanzo kabisa wa kazi yetu alinionya kuhusu swali lenye jibu tumboni. Kipaza alinitazama mimi, akamtazama bibi yake, nyuso mbili zinamsubiri kama watu wa foleni. Akanyoosha kidole akabonyeza kitufe.

"Imeisha," alisema, akaenda kucheza.

Jumamosi ikafika. Niliuchomoa waya wa redio asubuhi na mapema, nikafunga madirisha, nikasema kuna vumbi. Fundi wa milango alikuja na sanduku lake, mtu wa maneno mengi kuliko misumari.

"Mama, kitasa hiki kina umri wa babu yangu," alisema akikitikisa. "Springi imelegea kama suruali ya mstaafu. Mlikuwa mnaishije humu?"

"Tuliishi tu, fundi," nikamjibu.

Kipaza alikaa chini karibu na sanduku, amekumbatia magoti, macho hayabanduki. Kila skrubu iliyotoka alihema. Fundi alipokivuta kitasa kutoka mlangoni pakabaki tundu linaloonyesha barabara.

"Kinakwenda wapi?" mtoto akauliza.

"Kwa wauza chuma chakavu, mrembo."

Midomo yake ilianza kutetemeka. Sikuelewa kwa nini. Nilidhani ni usingizi. Fundi, Mungu ambariki, hakuweza kustahimili. "Basi, basi, usinililie, nikaonekana mwizi. Chukua, kacheze nacho." Akampa kile kitasa kizee, mkono wake mmoja bado umeng'ang'ania ubavuni. Kipaza alikipokea kwa mikono miwili, akaenda nacho kwenye pembe ya ukuta.

Fundi alikuwa anapachika kile kipya, Mama ameketi kwenye kiti chake na gazeti ambalo hakulifunua, niliposikia Mama Pacha akipaza sauti kutoka dirishani kwake.

"Mama Kipazaaa! Naona kwenu kimya, redio imewafia? Usijali, shoga yangu, nawafungulia hapa kwangu msikie wote!"

Mapenzi ya jirani hayana mlango. Alikuwa ameiweka redio kwenye kizingiti cha dirisha, ameielekeza kwetu, ameongeza sauti hadi mwisho. Ikaingia kupitia tundu la fundi, ikaingia chini ya mlango, ikaingia kwenye nyufa zote ambazo sikujua nyumba yetu inazo.

"Hamjambo, wasikilizaji."

Alikuwa yeye. Nilikaa pale pale juu ya sanduku la fundi. Mama alisimama, akafika dirishani, akashika pazia. Kule ng'ambo Mama Pacha alikuwa amesimama na mapacha wake ubavuni, mkono kifuani, analia kwa ajili yetu. Utamfanyia nini mtu kama huyo? Mama aliachia pazia. Alimpungia mkono wa asante, akarudi kwenye kiti chake taratibu, akanitazama, nami nikamtazama. Tumeshindwa, macho yake yalisema. Mgeni amekwisha ingia.

Kisha likaja gitaa la Besi.

Kumbe wimbo ulikuwa umeshaanza kupigwa juma zima, maana fundi aliujua. Alikaza skrubu huku anaimba, kwa sauti nzuri, bila kujua yuko nyumbani kwa nani: aliondoka akiimba, alfajiri ikamwitikia. Kule dirishani Mama Pacha anaitikia. Barabarani mtu akipita anaupigia mluzi. Na nilipogeuka nikaona midomo ya Mama inatembea na maneno yale, polepole, machozi yanashuka pembeni mwa pua, na hakuwa na habari kwamba anaimba. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshamwona tena na shati la buluu kwenye ngazi. Ningeapa.

Krrr, tk.

Niligeuza shingo. Kwenye pembe ya ukuta Kipaza amepakata kitasa mapajani kama mwanasesere. Amekandamiza mkono wake mpaka chini kwa viganja viwili. Uso umekunjamana kwa bidii. Anauachia, kidogo kidogo, kidogo kidogo, ulimi wa chuma unatoka bila haraka. Krrr, tk. Anarudia.

Ndipo nilipoelewa ile alfajiri, kigoda, nyayo za baridi. Siendi. Sifungui. Alikuwa ameniambia kweli tupu, na mimi nikaita fundi.

Neno lilinijia mpaka kwenye ulimi. Nikaling'ata. Mashine ya kurekodi ilikuwa mezani, karibu na mkono wa Mama. Mama naye alikuwa amesikia. Midomo yake ilisimama katikati ya mstari, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe, ukakaa juu yake, halafu ukarudi mapajani. Hatukuuliza. Tulikaa tu, wanawake wawili, tukamwachia kimya ndani ya kelele zote zile.

Fundi akafika tena kwenye kiitikio, akakivuta kwa madaha. Kipaza aliinua kichwa akamtazama, amekunja paji la uso, jinsi anavyonitazama ninapomvalisha kiatu cha kulia mguu wa kushoto.

"Baba hakuimba, alifunga mlango polepole."